Kabla hujatafuta mchawi saiti: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Ukishakuwa mkandarasi mkuu kila kinachoharibika ni chako, awe amekosea fundi bomba, fundi nondo au dereva wa lori, simu ya mteja inakuja kwako. Na kinachotuponza wengi ni kwamba tatizo likitokea tunakimbilia kutafuta mchawi, foromani anafukuzwa, analetwa mwingine, wiki mbili hazijaisha tatizo lile lile limerudi kwa sababu halikuwa la foromani. Hapa nimeyapanga yale ninayoulizwa kila mara na yale niliyoyapitia mwenyewe, kwa kufuata dalili unayoiona ukifika saiti. Kila dalili naanza na chanzo kinachotokea sana, cha nadra kinakuja mwisho, na kwenye kukagua anza na visivyokula hela: macho, tepu, mizani, daftari.

DALILI: Watu wamejaa saiti ila kazi haisogei

Fika asubuhi saa mbili, usimwambie mtu unakuja, simama sehemu unayowaona wote na ukae nusu saa. Kila utakayemuona amesimama au amekaa andika anasubiri nini. Usiandike jina lake, andika anachosubiri, maana jina halitakusaidia kitu.

Mara nyingi sana utakuta wanasubiri kifaa, na wala sio saruji, ni vitu vidogo: binding waya imeisha, misumari ya inchi 4 hakuna, mikisa (mashine ya kuchanganyia zege) haina mafuta. Vitu vya bei ndogo vinasimamisha watu 15. Dawa yake ni mtunza stoo awe na kiwango cha chini kwa kila kitu, yaani misumari ikibaki mfuko mmoja anaagiza, asisubiri iishe.

Cha pili ni uamuzi ambao haujatolewa. Mteja hajachagua tailizi, injinia hajajibu ile ramani inayogongana na nyingine, wewe mwenyewe uliulizwa juzi ukasema nitakujibu. Hivi havionekani kwa macho kwa hiyo weka ukurasa kwenye daftari wa maswali tu, swali, tarehe limeulizwa, nani anatakiwa kujibu, na mwisho wa kujibu. Ukimuonyesha mteja ukurasa huo, kwamba swali la madirisha lina siku 19 halijajibiwa, mazungumzo yanabadilika kabisa.

Cha tatu, mafundi wa fani mbili wamepangwa chumba kimoja. Fundi umeme anatindua ukuta na mpiga plasta yupo nyuma yake, hapo hata ukiongeza watu unaongeza msongamano tu, chumba cha watu wawili ukiweka sita watapishana mlangoni siku nzima.

Cha nne ni malipo yamechelewa. Watu hawatagoma, watapunguza mwendo, na hii hutaiona kwa macho mpaka uangalie kumbukumbu za tofali zilizojengwa kwa siku kabla na baada ya ile Jumamosi ambayo hukulipa.

Mwisho kabisa ndo inakuja ratiba yenyewe kuwa mbaya tangu mwanzo.

Kwa undani zaidi, kila Ijumaa angalia wiki mbili za mbele na kila kazi iliyopo humo iulize maswali matano: ramani ipo? vifaa vipo saiti au vina tarehe ya uhakika? watu wapo? sehemu itakuwa wazi? kazi ya nyuma yake imekaguliwa? Jibu moja likiwa hapana hiyo kazi haijawa tayari, usiiweke kwenye mpango wa wiki hata kama mteja anaisubiri kwa hamu. Na vitu vinavyotengenezwa kwa oda kama milango, madirisha na lifti vihesabie kurudi nyuma kuanzia siku unayovihitaji.

Wakati wa kumuita mtaalamu: kama mkataba una faini ya kuchelewa na ucheleweshaji sio wako, soma leo kipengele cha kutoa taarifa, mikataba mingi inakupa siku za kuhesabu na zikipita haki yako ya kuongezewa muda inaweza kupotea. Ongea na mkadiriaji majenzi (mtaalamu wa gharama na mikataba ya ujenzi) au mwanasheria siku hizo hazijaisha.

DALILI: Saruji na mchanga vinaisha kabla ya hesabu

Hapa kila mtu anasema wizi. Wizi upo, sikatai, lakini mimi nauweka mwisho kwenye orodha kwa sababu mara nyingi ukipima unakuta vifaa vipo palepale vimezikwa ndani ya kazi.

Chukua jamvi, yaani zege la sakafu, la meta 10 kwa 8, unene kwenye ramani sentimeta 10. Hiyo ni meta za ujazo 8. Sasa kama mawe ya chini hayakusawazishwa vizuri na unene ukawa wastani wa sentimeta 12.5, umeongeza sentimeta mbili na nusu tu, hakuna anayeziona, lakini ni meta 2 za ujazo za ziada, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) unaokula kama mifuko 6 na nusu kwa kila meta ya ujazo hiyo ni mifuko 13 imeondoka na hakuna aliyeiba hata karai. Kwa hiyo cheki ya kwanza: kabla ya zege vuta kamba pembeni mpaka pembeni kwenye kimo cha juu cha zege, pima kushuka chini kila meta mbili, andika. Na mitaro ya msingi iliyochimbwa pana kuliko ramani ni hivyohivyo, pima upana.

Cheki ya pili ni lori. Mchanga ukiwa na unyevu kidogo unavimba, unaweza kuongezeka ujazo kwa robo nzima au zaidi kama ni laini, halafu ukikauka au ukilowa kabisa unarudi chini. Kwa hiyo lori limejaa kweli na mchanga umepungua kweli, wewe na dereva wote wawili mnasema ukweli. Panda juu, pima ndani ya bodi kwa tepu, urefu, upana, kimo, kabla halijamwaga.

Cheki ya tatu, kipimo cha kuchanganyia. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, sanduku la kupimia lifanane na hapo. Wakianza kupima kwa koleo kila mtu na koleo lake hakuna tena 1:2:4, kuna bahati.

Cheki ya nne stoo. Saruji isikae chini wala isiguse ukuta, ipandishwe juu ya mbao, mifuko isizidi 10 kwenda juu, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole usiende kwenye zege la kubeba mzigo.

Ukishapita hapo kote na hesabu bado haikubali ndo sasa ufikirie wizi, na hapo weka mtu mmoja anayepokea na mwingine anayetoa, wote wanasaini.

Na nondo zipime kwa mizani, hii sitachoka kuisema. Kanuni ni kipenyo mara kipenyo gawanya kwa 162, unapata kilo kwa meta. Nondo ya milimeta 12 yenye urefu wa meta 12 inatakiwa iwe kilo 10.7 hivi, ya 16 iwe karibu 19. Niliwahi kupokea mzigo wa "12", kwa macho ziko safi, zina maandishi, fundi ameshaanza kukata. Tukaweka moja kwenye mizani, kilo 9. Rudisha hesabu, hiyo ni milimeta 11, na milimeta moja inaonekana ndogo lakini eneo la chuma limepungua kwa asilimia 15 na zaidi. Zilirudi zote. Kama zimeshaingia kwenye zege usijifanyie hesabu mwenyewe, mpigie injinia wa miundo umwambie ukweli.

DALILI: Umevua mbao, zege limetoka na matobo kama sega la nyuki

Utaiona zaidi kwenye miguu ya nguzo na kwenye maungio ya nguzo na bimu (boriti ya zege). Chukua msumari, chokonoa kokoto. Kama kokoto zimeshika na tobo ni la juujuu tu, ni jambo la kuziba. Kama kokoto inatoka na vidole, na ukichokonoa zaidi unaikuta nondo imekaa wazi bila saruji kuizunguka, hapo SIMAMA. Usiruhusu mtu apake plasta. Nasisitiza hili kwa sababu fundi akiona aibu kitu cha kwanza anachofanya ni kuchanganya saruji nzito na kupaka, na ukija kesho nguzo inang'aa. Mi niliwahi kuikuta hiyo, nguzo moja kati ya tisa ina rangi tofauti kidogo chini, nikagonga na nyundo ikatoa sauti ya mfu, tukabandua tukaona hewa inapita mpaka upande wa pili.

Chanzo kikubwa ni kutotumia vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishindiliwe) au kuichomeka haraka haraka na kuichomoa. Ichomekwe wima, iguse kidogo tabaka la chini, ichomolewe taratibu. Baada ya hapo ni zege kumwagwa kutoka juu sana, zaidi ya meta moja na nusu kokoto zinatangulia saruji inabaki nyuma. Kisha mbao zinazovuja, maji ya saruji yanatoka kwenye maungio. Kisha nondo zimebanana mno kokoto haipiti, na hii ni ya kuuliza kwenye ramani kabla. Mwisho mchanganyiko mkavu kupita kiasi.

Kumbuka dawa ya zege kavu sio ndoo ya maji. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 za maji ni uwiano wa 0.5 wa maji kwa saruji, na mchanga uliolowa tayari umebeba maji yake kwa hiyo ya kuongeza yanapungua. Mtu anayebeba toroli siku zote atataka zege jepesi, namuelewa, toroli ni nzito, lakini kila maji yanayozidi yanaacha vitobo vidogo yakikauka na nguvu inashuka. Simama kwenye mikisa wewe au mtu unayemuamini.

DALILI: Matokeo ya maabara ya vibonge vya zege yako chini

Usipaniki na usibomoe. Kwanza tazama umri, vibonge (sampuli za zege zinazopelekwa kupimwa nguvu) vya siku 7 huwa na kama theluthi mbili hivi ya nguvu ya siku 28, kwa hiyo namba ndogo ya siku 7 inaweza kuwa sawa tu. Pili uliza vilitengenezwaje: vilishindiliwa? vililazwa kwenye maji au vilianikwa juani pembeni ya stoo? Vibonge vibaya vinaweza kutoka kwenye zege zuri. Tatu angalia daftari la siku ile, mvua ilinyesha? mikisa iliharibika? saruji ilikuwa ya mzigo upi? Kama vyote viko sawa na siku 28 bado ziko chini, hapo sio maamuzi yako tena. Injinia ndo ataamua kama ni kupima kwa nyundo maalumu, kukata sampuli kwenye zege lenyewe au kuongeza nguvu. Kazi yako ni kusimamisha mzigo wowote wa juu ya sehemu hiyo.

DALILI: Nyufa

Nyufa ndogo juu ya jamvi siku ileile au kesho yake, zimetapakaa kama ramani, ni jua na upepo, maji yameondoka juu kabla zege halijashika. Anza kumwagilia mapema na ufunike, siku 7 zisipungue. Nyufa zilizonyooka kufuata mistari ya nondo, zege limekaa chini baada ya kumwagwa na nondo ikalishikilia. Nyufa nyembamba za plasta, mchanga ulikuwa na udongo mwingi au ukuta haukuloweshwa. Mchanga unaupima bure: chupa ya wazi, mchanga nusu, maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha kwa muda wa saa tatu, tabaka la udongo juu likizidi sehemu 8 kwa 100 za kimo cha mchanga usiutumie.

Sasa zile za kuogopa: ufa wa mshazari kwenye bimu karibu na nguzo, ufa wa ngazi ngazi kwenye ukuta unaofuata maungio ya tofali na unapanuka kwenda juu, ufa wowote ambao leo unaingiza kucha na wiki iliyopita haukuwa unaingiza. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili na tarehe, pima upana, piga picha na tepu ionekane. Kwa ukuta unaweza kufuatilia siku chache. Kwa bimu usifuatilie, weka mirunda (nguzo za miti za kuegemeza) chini, toa watu, piga simu kwa injinia.

DALILI: Kuta hazikutani, kona sio mraba, bati linazidi upande mmoja

Asilimia kubwa ni siku ya kwanza kabisa. Pima mishazari miwili ya jengo, kona kwa kona, zikitofautiana kona sio mraba hata kama pande zote ziko sawa. Kona moja moja tumia 3, 4, 5: meta 3 upande huu, meta 4 upande ule, mshazari uwe meta 5 kamili. Chanzo cha pili ni vigingi kugongwa na toroli au lori na mtu akavirudisha kwa makadirio, kwa hiyo weka alama za akiba mbali na njia. Cha tatu kila fundi anaanza kupima kutoka kwa kitu alichojenga mwenzake, makosa yanarithiana. Wote wapime kutoka alama moja. Kimo cha sakafu hamisha kwa mpira wa maji (bomba laini linaloonyesha usawa wa maji ncha zote mbili), hakikisha hauna mapovu ndani, mapovu yanadanganya.

Kama unahisi jengo limevuka mpaka wa kiwanja acha kubishana na jirani, mlete mpima ardhi mwenye leseni, na hiyo kazi ya upande huo isimame mpaka ajibu.

DALILI: Kazi iliyokwisha inabomolewa

Plasta imepigwa kisha inatinduliwa bomba lipite. Hapa kosa ni lako wewe msimamizi, sio la fundi bomba, kwa sababu hakuna mwingine mwenye kazi ya kujua nani anafuata nani. Weka sharti moja: hakuna kitu kinachofunikwa kabla hakijakaguliwa na kupigwa picha. Mabomba ya maji yapimwe kwa presha mara moja na nusu ya ile ya kawaida, yaachwe saa kadhaa, sindano ya kipimo cha presha isishuke, ndo plasta ije. Bomba la maji machafu la milimeta 100 liwe na mteremko wa sentimeta 2.5 kwa kila meta, ukague kabla ya kufukia. Nondo: ringi (vyuma vinavyozunguka nondo) ziko umbali wa kwenye ramani? biskuti za kuinua nondo zimewekwa au nondo imelalia mbao? Picha na tarehe. Miaka miwili mbele mtu atataka kutoboa ukuta na picha hizo zitamuonyesha bomba liko wapi.

Umeme ukaguliwe na fundi mwenye leseni kabla haujawashwa, hata kama wewe unaujua.

DALILI: Hela imekata katikati na kazi imebaki

Chanzo namba moja, na wengi hatupendi kukitaja, hela ya saiti hii imelipia saiti nyingine. Tenganisha akaunti. Chanzo cha pili ni pengo la muda, mteja analipa mwezi mzima baada ya kupeleka hati ya madai ya malipo na vibarua wanalipwa kila wiki, kwa hiyo hata kazi yenye faida inaweza kukukausha. Chora jedwali la wiki, kinachoingia na kinachotoka, utaiona wiki yenye shida ikiwa bado mbali. Ile asilimia ya malipo inayozuiwa mpaka kipindi cha matazamio (muda wa kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi) kiishe usiihesabu kabisa kama hela uliyonayo.

Chanzo cha tatu ni mabadiliko ya mdomo. Mteja amekuja Jumapili, kasema huu ukuta usogee kidogo hapa, wewe kwa heshima ukasema sawa mama, mwisho anakataa kulipa kwa sababu kwake alikuwa anaongea tu. Hajakudhulumu, hamkuandikiana. Siku hiyohiyo mtumie ujumbe: kama ulivyoelekeza leo, ukuta unasogezwa, itaongeza kiasi fulani na siku 4, naomba unithibitishie ndipo nianze. Usianze kabla ya jibu. Mteja mwema hakasiriki kwa hili, mimi nimeona wanashukuru.

DALILI ambazo hutatui, unasimamisha tu

Mtaro umefika kifuani na hauna mbao za kuzuia pembeni, au udongo uliochimbwa umerundikwa ukingoni, au kuna ufa kwenye ardhi sambamba na mtaro. Toa watu sasa hivi, usisubiri wamalize hicho kipande. Meta moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu au zaidi, mtu akifunikwa hata kufikia kifua tu hawezi kuvuta pumzi, na wenzake wakiruka kumuokoa nao wanafunikwa. Udongo usogezwe angalau meta moja kutoka ukingoni, kingo zizuiwe au zichimbwe kwa mteremko.

Mirunda inalia, imepinda, au chini imekalia udongo uliolowa wakati zege linamwagwa. Zege bichi ni kilo 2400 kwa meta ya ujazo, slabu ya sentimeta 15 ni kilo 360 kwa kila meta ya mraba hujaweka watu wala toroli. Simamisha kumwaga, shusha watu wa juu, na asiingie mtu chini kwenda kukaza mrunda, hata aliye jasiri. Injinia aje kwanza. Na mirunda ya chini isitolewe kwa sababu mbao zinahitajika kwingine, siku za kuvua anasema injinia, na kwenye ghorofa slabu mpya inabebwa na za chini yake kwa hiyo na za chini zibaki na mirunda yake.

Jukwaa linayumba au halijafungwa ukutani, nyaya za umeme ziko karibu na mahali nondo ndefu zinapandishwa, ukuta wa jirani umeanza kuinama kuelekea shimo lako. Kwa nyaya piga simu kwa shirika la umeme wazizime au wazisogeze, kwa ukuta muite injinia na mwambie jirani atoke ndani upande huo usiku huohuo, usingoje asubuhi.